Je, Wajua? Piano ya Kila Mtu Katikati ya Stesheni

Zamani ukitaka kupiga piano ilibidi uwe nayo, au umjue mwenye nayo akukaribishe sebuleni kwake. Leo, katika miji mingi ya Ulaya na Asia, unachohitaji ni kupita stesheni ya treni. Piano iko pale pale wanapopita abiria, haina ada wala mlinzi, na aliyekaa kwenye kigoda ndiye mwenyewe mpaka atakapoinuka. Nimekusanya hapa maajabu yake. Mengi yatakuchekesha. Moja ni zito, na linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyojua.

Ngazi zilikuwa nyembamba, piano ikabaki nje

Mwaka 2003 mwanafunzi mmoja wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, alihamia nyumba mpya akakuta piano yake haipiti kwenye ngazi. Akaiacha nje, kando ya barabara ya Sharrow Vale, na kuwaruhusu wapita njia waipige. Ikawa piano ya mtaa, na leo inatajwa miongoni mwa piano za mwanzo kabisa za mitaani za zama zetu. Hakukuwa na kamati, mfadhili wala uzinduzi, ni ngazi tu zilizokataa mzigo.

Wazo kubwa lilizaliwa kwenye foleni ya kufua nguo

Msanii Mwingereza Luke Jerram alikuwa akienda kila wikendi kufua nguo katika duka lile lile la mashine za kufulia. Akawa anawaona watu wale wale, wote kimya, kila mmoja akikodolea macho mashine yake. Akajiuliza ni kitu gani kingewafanya waongee. Jibu lake lilikuwa piano. Mwaka 2008 aliweka piano 15 katika mji wa Birmingham, kila moja ikiwa na maandishi ya kumwalika mpita njia: nipige, mimi ni wako. Tangu hapo mradi huo umepeleka zaidi ya piano 2,000 katika miji zaidi ya 70 duniani, nyingi zikiwa za mitumba zilizotolewa na watu waliokuwa hawazitumii tena. Mimi napenda hasa kwamba hakuanza na muziki. Alianza na ukimya wa watu wanaofahamiana kwa sura tu, kisha akatafuta chombo cha kuuvunja.

Ufaransa, piano na treni ni ndugu

Shirika la reli la Ufaransa, SNCF, lilianza mwaka 2012 kuweka piano katika stesheni ya Montparnasse mjini Paris, na baada ya miaka michache zilikuwa zimeenea katika stesheni karibu 100 nchini humo. Katika stesheni ya Austerlitz, pia Paris, kijana mmoja alikuwa akipiga peke yake, mtu asiyemjua akasogea, akaketi ubavuni mwake, na wote wawili wakaendelea kwa mikono minne kana kwamba wamefanya mazoezi mwezi mzima. Video yao ilitazamwa na mamilioni ya watu. Jumba la muziki lisingeweza kuwapa nafasi hiyo, kwa sababu kule kila mtu anajua mapema nani atapiga na nani atasikiliza.

Elton John alipiga, akaondoka, piano akaiacha

Mwezi Februari 2016 abiria wa St Pancras, London, waliokuwa wakiburuta masanduku yao kuelekea treni ya Paris walisikia mtu akipiga piano ya stesheni kwa ustadi usio wa kawaida. Alikuwa Elton John mwenyewe. Alipomaliza aliwaachia piano ya Yamaha kama zawadi, ameitia saini. Tangu siku hiyo mwanafunzi wa somo la kwanza anaweza kubonyeza vibao vya piano aliyoitoa mmoja wa wapiga piano maarufu kuliko wote walio hai, na hatakiwi hata kuomba ruhusa.

Pipa la bia ndilo lililopima ukumbi

St Pancras ilifunguliwa mwaka 1868. Mhandisi William Barlow aliipa paa la chuma lenye upana wa mita 73 hivi bila nguzo hata moja katikati, na wakati huo hakukuwa na paa la aina hiyo lililolizidi kwa upana duniani. Reli zilikuja kwa juu kwa sababu ilibidi zivuke mfereji wa maji kabla ya kuingia stesheni, hivyo chini yake pakabaki nafasi kubwa. Nafasi hiyo ikawa ghala la bia iliyoletwa kwa treni kutoka Burton, na Barlow akapanga nguzo za chini kwa kufuata kipimo cha pipa la bia ili mapipa yajipange bila kupoteza nafasi. Ghala hilo la zamani ndilo leo lenye maduka, abiria na piano. Ukisimama pale ukitazama nguzo za chuma zilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, unatazama kipimo cha mapipa ambayo hayapo tena.

Watu 1,097 walipita, 7 wakasimama

Asubuhi ya tarehe 12 Januari 2007, katika stesheni ya L'Enfant Plaza mjini Washington, kijana aliyevaa jinzi na kofia alitoa fidla, akaacha mkoba wake wazi mbele yake, akaanza kupiga. Alikuwa Joshua Bell, mmoja wa wapiga fidla wakubwa duniani. Fidla yake ilitengenezwa na Stradivari mwaka 1713, na ilisemekana ina thamani ya dola milioni 3.5. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amepiga katika jumba la muziki la Boston, ambako kiti kizuri kilikuwa cha kama dola 100.

Gazeti la Washington Post ndilo lililopanga jaribio hilo na kuhesabu kila mtu. Katika dakika 43 walipita watu 1,097. Waliosimama walau dakika moja kusikiliza walikuwa 7. Waliotoa pesa walikuwa 27, wengi wao wakiitupa huku wakiendelea kutembea, na jumla ilikuwa dola 32 na senti kadhaa, ukiacha dola 20 za mwanamke mmoja aliyemtambua. Na sasa sikiliza hili: kila mtoto aliyepita alijaribu kusimama, na kila mara mzazi wake alimvuta mkono waondoke. Makala ya mwandishi Gene Weingarten kuhusu asubuhi hiyo ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2008.

Wengi walilisoma jaribio hilo kama hukumu kwa abiria, kwamba watu wa mjini hawana masikio. Sikubaliani nao. Abiria yule alikuwa na saa ya kuripoti kazini, na mbele yake alikuwa amesimama mtu akimtaka awe msikilizaji bila kumuuliza. Piano ya stesheni haikutaki usikilize. Inakuachia nafasi ya kukaa, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Bell mwenyewe alirudi Washington mwezi Septemba 2014, safari hii katika Union Station, na kwa sababu watu walikuwa wametangaziwa, walijaa hadi pakakosa pa kukanyaga.

Majaji waliojificha

Katika kipindi kilichoonyeshwa mwaka 2023, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwaalika watu wa kawaida wapige piano katika stesheni za London, Leeds, Glasgow na Birmingham. Hawakuambiwa kwamba mahali pa siri katika stesheni hiyo hiyo walikuwa wameketi Lang Lang, mpiga piano mashuhuri wa China, na mwimbaji Mika, wakiwatazama. Mshindi waliyemchagua alikuwa msichana wa miaka 13 asiyeona na asiyezungumza sana, aliyepiga kipande cha Chopin katikati ya kelele za stesheni ya Leeds mpaka abiria wakasahau mabegi yao. Mwezi Mei mwaka huo huo alipiga katika tamasha la kutawazwa kwa Mfalme Charles, pale Windsor.

Ndani ya sanduku lile kuna tani 20

Piano ina vibao 88 vya kubonyeza, 52 vyeupe na 36 vyeusi, lakini nyuzi zake ni kama 230, kwa sababu noti nyingi hupewa nyuzi mbili au tatu kila moja. Nyuzi hizo zote zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu inayokaribia tani 20, sawa na uzito wa tembo dume watatu wakubwa wanaoning'inia ndani ya kabati. Ndiyo maana ndani ya piano kuna fremu nzito ya chuma cha kalibu. Bila hiyo mbao zingepasuka.

Ajabu zaidi ni kile kinachofanywa na kidole. Kibao hushuka karibu sentimita moja tu. Katika safari hiyo fupi, nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa hurushwa juu, lakini kabla haijagusa uzi huachiliwa iende yenyewe, igonge, irudi mara moja. Isingeachiliwa, ingeganda kwenye uzi na kuzima sauti papo hapo. Siri hiyo aliivumbua Bartolomeo Cristofori, fundi wa familia ya Medici mjini Florence, miaka ya kuelekea 1700. Piano zake tatu bado zipo, moja New York, moja Roma na moja Leipzig. Kongwe kuliko zote ni ile ya New York, ya mwaka 1720.

Vibao vyeupe vilipita Bagamoyo

Hili ndilo zito nililolisema. Kwa muda wa karne nzima, vibao vyeupe vya piano vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka kwetu.

Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Oman na Zanzibar mwaka 1833, na kufikia 1837 ilikuwa na balozi wake mdogo Unguja. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, lilitia nanga New York likiwa na karafuu, kahawa, tende na pembe. Wafanyabiashara wa huko walizipenda pembe za Afrika Mashariki kuliko nyingine kwa sababu zilikuwa laini, zikikatwa hazipasuki ovyo. Katika jimbo la Connecticut miji miwili midogo iliyo jirani iliishi kwa pembe hizo. Deep River palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Pratt, Read, na kijiji cha jirani yake kiliitwa Ivoryton, yaani kilipewa jina la pembe zenyewe. Viwanda vya miji hiyo vilikuwa na mawakala wao Zanzibar. Pembe zikifika zilikatwa vipande vyembamba mno, kisha vikatandazwa kwenye vibanda virefu vya vioo vipigwe na jua wiki nyingi mpaka viwe vyeupe.

Na zilifikaje pwani? Kwa mabega ya watu. Misafara ilitoka Ujiji na nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, mabingwa wa kazi hiyo waliolipwa ujira, lakini wengine walikuwa watumwa waliokuja kuuzwa pamoja na mizigo waliyoibeba. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alipata utajiri wake mkubwa katika biashara hiyo. Kule upande wa pili wa bahari, binti wa mwalimu au wa mwenye duka alikuwa akijifunza wimbo wake wa kwanza wa kanisani bila kujua kidole chake kinagusa nini.

Halafu reli ikafika. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inaifuata njia ile ile ya misafara: Tabora, kisha ziwani jirani na Ujiji. Kwa hiyo piano na treni zilikuwa zimekwisha kukutana katika ardhi yetu, karne moja kabla ya mtu kuwaza kuziweka pamoja stesheni.

Mahitaji yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1909 peke yake Marekani ilitengeneza zaidi ya piano 350,000. Miaka ya 1950 watengenezaji wakubwa wakahamia plastiki, na mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Mwezi Julai mwaka huo Rais Moi wa Kenya alichoma moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, dunia nzima ikitazama.

Vibao vyeupe vya piano mpya za stesheni hufunikwa kwa plastiki. Lakini ukikutana na kongwe iliyotolewa na familia fulani, inama uitazame karibu. Kwa kawaida pembe halisi haikuwekwa kipande kimoja. Kila kibao kina kipande kipana mbele na kingine chembamba nyuma, na pale vinapokutana pana mstari mwembamba unaoonekana, sambamba na ncha za vibao vyeusi. Ukiangalia kwa mwanga wa pembeni utaona pia mikondo hafifu, kama ya ubao. Plastiki kwa kawaida haina mstari wala mikondo. Ukiiona mistari hiyo, huenda unagusa pembe iliyobebwa begani kupita Tabora.

Na mpingo wetu je?

Pembe si mali pekee ya kwetu iliyoingia kwenye ala za muziki. Mpingo wa Kusini mwa Tanzania na wa Msumbiji hutafutwa sana na watengenezaji wa klarineti na oboe, kwa sababu ni mzito, haubadiliki umbo kirahisi na huchongeka kwa usahihi. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Kwa hiyo klarineti inayopigwa leo London yawezekana imetoka kwenye mti uliochipua Lindi babu wa mpigaji akiwa bado mtoto.

Adui wa piano ya stesheni ni hewa

Vidole vya watoto havina hatia kubwa. Nyuma ya nyuzi kuna ubao mpana wa msprusi, mwembamba usiofika hata sentimita moja mahali pengi, na huo ndio unaokuza sauti. Mlango ukifunguliwa siku ya mvua, ubao hunywa unyevu, hutanuka na kuzivuta nyuzi, sauti zikapanda. Joto la majira ya baridi likiwashwa ndani, ubao hukauka na sauti hushuka. Piano ya nyumbani hupewa fundi mara moja au mbili kwa mwaka. Ya stesheni humhitaji mara nyingi zaidi, na kila akija ana vigingi zaidi ya 200 vya kukaza au kulegeza, kimoja kimoja, huku spika juu ya kichwa chake zikitangaza treni. Kama kuna mtu katika habari hii yote anayestahili kupigiwa makofi, kwangu mimi ni yeye.

Mtunzi wa miaka 16

Kile kiwimbo cha vidole viwili ambacho kila mtoto hukimbilia akiona piano, Waingereza hukiita Chopsticks, kina mwenyewe. Alikitunga Euphemia Allen, msichana wa miaka 16, na kikachapishwa mwaka 1877 kwa jina la kiume alilojipa, Arthur de Lulli. Maelezo yake yalisema mikono igeuzwe kwa upande, ipige vibao kwa mwendo wa kukatakata.

Na Für Elise ya Beethoven, kipande kingine kisichokosekana katika stesheni yoyote? Yeye mwenyewe hakuwahi kukiona kimechapwa. Alikiandika mwaka 1810, akafariki 1827, kikatolewa 1867.

Mtunzi aliyeiweka treni ndani ya piano

Mwaka 1837 ilifunguliwa reli ya kwanza ya abiria kutoka Paris, kuelekea Saint-Germain. Miaka saba tu baadaye, 1844, Mfaransa Charles-Valentin Alkan aliandika kipande cha piano kinachoigiza safari ya treni, kuanzia magurudumu yanapochachamaa mpaka inapoingia stesheni na kusimama. Ukipiga kwa kasi aliyoiandika, mkono wa kulia unakimbia noti kama 15 kwa sekunde. Wachache wanathubutu. Nimesikiliza rekodi zake na kila mara najikuta nimeshikilia kiti.

Naye Dvořák, mtunzi wa Kicheki, alikuwa mpenzi wa treni kweli kweli. Mjini Prague alikuwa akienda stesheni kutazama injini, akiandika namba zake na kuwahoji madereva.

Ngazi zilizogeuka piano

Katika stesheni ya Odenplan ya treni za chini ya ardhi mjini Stockholm, mwaka 2009, ngazi za kawaida zilizo kando ya zile za umeme ziligeuzwa usiku mmoja kuwa vibao vya piano: kila kidato kilitoa noti yake ukikanyaga. Waliochagua kupanda kwa miguu wakaongezeka kwa asilimia 66 kuliko kawaida. Wazo lilitoka kwa kampuni ya magari, Volkswagen. Watu wazima wenye mikoba ya kazini walionekana wakirukaruka vidato viwili viwili, wakirudi chini, wakipanda tena.

Piano iliyopelekwa mpakani

Mjerumani Davide Martello huzunguka na piano yake kubwa akiivuta hadi pale watu walipo katika wakati mgumu. Novemba 2015 aliivuta kwa baiskeli mpaka mbele ya ukumbi wa Bataclan mjini Paris, siku moja baada ya mauaji yaliyotokea humo. Machi 2022 aliipeleka Medyka, mpakani mwa Poland na Ukraine, akawapigia wakimbizi waliokuwa wakivuka kwa miguu na kwa mabasi katika baridi. Wengi wao walikuwa kina mama na watoto. Watoto waliruhusiwa kubonyeza nao.

Mtoto wa Unguja na piano ya mamilioni

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Piano ya Yamaha aliyoinunua mwaka 1975, na aliyoitumia kutunga nyimbo zake nyingi kubwa, iliuzwa London katika mnada wa Sotheby's Septemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Kabla ya mnada, vitu vyake viliwekwa hadharani bila kiingilio, na watu zaidi ya 140,000 wakapanga foleni kuviona. Waliokwenda walikuta piano imewekwa pale kama vile mwenyewe ametoka kidogo tu. Mimi ningependa siku moja Mji Mkongwe nao upate piano ya wazi karibu na alikozaliwa, watoto wa Shangani waipige watakavyo.

Noti nne zilizomnasa David Gilmour

Tangazo la stesheni za Ufaransa hutanguliwa na noti nne tu, zilizotungwa na Michaël Boumendil. David Gilmour wa kundi la Pink Floyd alizisikia stesheni ya Aix-en-Provence, akazirekodi kwa simu yake, akazijengea wimbo mzima. Wimbo huo ukatoka mwaka 2015, na jina lake likawa pia jina la albamu yake, Rattle That Lock. Abiria wa Ufaransa walioununua waligundua kwamba mwanzo wake wanaujua kwa moyo tangu zamani.

Japani, kila stesheni na wimbo wake

Mjini Tokyo kengele kali ya kuondoka kwa treni ilianza kubadilishwa kwa vimuziki vifupi mwaka 1989, katika stesheni za Shinjuku na Shibuya. Leo vipo vingi sana, kila kimoja sekunde chache tu. Mtunzi mmoja, Minoru Mukaiya, aliyekuwa mpiga kinanda wa kundi la Casiopea na ambaye ni mpenzi mkubwa wa treni, ametunga zaidi ya 100 peke yake. Stesheni ya Takadanobaba hupiga wimbo wa katuni ya Astro Boy, roboti ambaye katika hadithi yake alizaliwa mtaa huo huo. Ebisu hupiga muziki wa filamu The Third Man, ambao Wajapani waliuzoea katika matangazo ya bia iliyolipa eneo hilo jina lake. Abiria waliosinzia baada ya kazi hushtuka kwenye kituo chao bila kufungua macho, maana sikio limeshawaambia wamefika wapi.